Joto la Chumba, Chumba cha Nani?

Nikisikia tena mtu wa Garissa akisema kwenye video yake "siagi iwe na joto la kawaida la chumba", walahi nitaitupa simu yangu kwenye Tana.

Chumba gani hicho? Cha nani? Vitabu vya kuoka vikisema joto la chumba vinamaanisha digrii 20 hivi. Hiyo ni jikoni kwa mtu wa London. Ni jikoni kwa eeddo yangu kule Minneapolis, ambako nje kuna theluji na ndani kuna mashine ya kupasha nyumba. Hapa kwetu Februari na Machi jua la mchana linapita digrii 36, na hapo hatujahesabu paa la mabati wala jiko linalowaka. Siagi huanza kuyeyuka kwenye digrii 32 hivi. Maana yake ukiinunua saa saba mchana mjini ukatembea nayo hadi Bulla Iftin, utafika umebeba supu. Sasa dada kwenye video anakuambia uichape pamoja na sukari mpaka iwe nyeupe na nyepesi. Ichape mpaka Idi, haitakuwa nyeupe. Kazi ya kuchapa siagi na sukari ni kuingiza hewa, na hewa hushikwa na mafuta laini ambayo bado yameganda. Yaliyoyeyuka hayashiki kitu. Hakuna hewa, hakuna keki, kuna tofali.

Na kwa hilo tofali analaumiwa nani? Mpishi.

Kila baada ya siku chache napata ujumbe wa namna moja: "Abaayo, nimefuata kila kitu na imekataa." Mmoja alikuwa ametumia mayai 6, unga wa mwisho ndani ya nyumba na sukari aliyokopa dukani, ili watoto wapate keki ya Idi. Ikabonyea katikati kama karai. Mume akacheka, wifi akapiga picha akaituma kwa grupu la familia, na mama wa watu ameapa haoki tena. Nilimuuliza alichanganya saa ngapi. Saa nane mchana. Huyo hakukosea popote. Aliamini resipi ya mtu ambaye hajawahi kutoka jasho kwa sababu ya kukoroga chai.

Sina ugomvi na mzungu aliyeandika resipi yake. Aliandikia majirani zake, ana haki. Ugomvi wangu ni na nyinyi wenzangu wa kontenti. Mnachukua resipi, mnaitafsiri, mnabandika muziki, chini mnaandika Garissa, na hamjaipika hata mara moja ndani ya sufuria ya huku. Wengine mnarekodia Nairobi kwenye nyumba ya baridi halafu mnatuambia sisi ndio hatujui. Kisha mnasema "kikombe kimoja". Kikombe cha Marekani ni mililita 240. Kikombe cha chai kwenye nyumba nyingi za hapa kinabeba 300 na kitu. Ukitumia kikombe hicho hicho kwa unga, sukari na maziwa utaponea kidogo, lakini mayai hayajui kwamba kikombe chako kimekua. Na kuna yule aliyeandika "oka kwa digrii 350" bila kusema ni Farenhaiti. Ni kama 180 za kwetu. Mtu wa watu anazungusha kitufe cha oveni mpaka mwisho, anatafuta 350, hazipo, anaacha hapo hapo kwenye 250. Nyumba inajaa moshi.

Na msiniambie basi tufuate resipi za Nairobi kwa sababu nayo ni Kenya. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Garissa ni kama mita 150 tu. Maji kule yanachemka kwenye digrii 94 hivi, hapa yanakaribia 100 kamili, kwa hivyo maharagwe na mayai ya huku yanaiva upesi kuliko ya kule. Kwenye keki ndiyo balaa zaidi. Juu huko hewa ni nyepesi, mapovu ya unga yanavimba haraka na kupasuka, ndiyo maana mwokaji mzuri wa Nairobi hupunguza bekingi poda na kuongeza maji kidogo. Ichukue hiyo resipi uilete huku chini ilivyo, keki inabaki fupi na nzito. Hujakosea chochote. Umeshuka tu mita 1,500.

Tuje kwa hamira, maana hapa ndipo unga mwingi wa wilaya hii umeenda kwa kuku.

"Acha unga uumuke saa 2 mahali penye joto." Mahali penye joto! Garissa nzima ni mahali penye joto. Wajir na Mandera pia. Hamira ni kiumbe hai, na joto likipanda digrii 10 kasi yake inakaribia kuongezeka maradufu, mpaka lipite 40 ianze kuchoka, na likifika kama 60 inakufa. Unga unaohitaji saa 2 kwenye jikoni la baridi, huku unaweza kuwa tayari kwa dakika 40 au 50. Ukiuacha saa 2 kwa sababu video imesema, utaukuta umeshuka, unanuka kama pombe, na mandazi yake yatakunywa mafuta mpaka uone huruma. Kwa hivyo weka saa kando. Bonyeza unga kwa kidole kilichopakwa unga mkavu. Shimo likirudi mara moja, bado. Likirudi polepole na kubaki kidogo, choma sasa hivi. Lisiporudi kabisa, umechelewa, ukande tena upesi na usiuache muda mrefu.

Na hamira weka nusu ya ile waliyoandika. Halafu lile neno "maji ya uvuguvugu": maji ya bomba kutoka kwa tangi jeusi lililo juu ya paa, saa nane mchana, hayahitaji kupashwa na mtu. Tia kidole. Ikiwa huwezi kukiacha humo kwa raha, hamira nayo haitaweza. Tumia maji ya mtungi. Ukitaka kuchelewesha unga kwa sababu una kazi nyingine, weka bakuli ndani ya karai lenye maji kidogo, funika kwa kitambaa kilicholowa ambacho ncha zake zimegusa maji, weka kivulini penye upepo. Hewa yetu ni kavu, maji ya kitambaa yakikauka yanaondoka na joto. Ndiyo siri ya mtungi hiyo hiyo. Mtu wa Mombasa akijaribu haitamfaa sana, hewa yake imeshajaa maji. Unaona? Hata kati ya Garissa na Mombasa mbinu inabadilika, na nyinyi mnatuletea ya Uingereza bila kubadilisha hata nukta.

Unajua ni nani anajua haya yote? Ayeeyo. Mwangalie akitengeneza canjeero. Miezi ya joto kali anakoroga usiku sana, anatia khamiir kidogo tu ya jana. Julai kukiwa na baridi yetu hii ya kujidanganya, anakoroga mapema na kuongeza kijiko. Asubuhi haangalii saa, anafunua, ananusa, anatazama mapovu, kisha anaongeza maji au anaanza kumimina. Huyo anadhibiti joto, muda na kiasi cha chachu kila siku ya maisha yake. Mwaka 2020 korona ilipofungia watu ndani, Ulaya na Marekani nzima walishikwa na wazimu wa mkate wa chachu ya nyumbani. Walipa chupa za chachu majina kama watoto, wakarekodi kila siku. Sisi tumekuwa nayo chini ya meza miaka yote, tukaona haya kuirekodi, tukarekodi pankeki.

Uongo mwingine ni huu: bila oveni huwezi kuoka. Huu unaniuma zaidi kwa sababu kuna wasichana wanachukua mkopo wa chama kununua oveni ya stima ili waanze biashara ya keki. Oveni ya wati 2,000 inakula karibu yuniti 2 kila saa. Kisha stima inapotea keki ikiwa katikati, na keki ya katikati haina dawa. (Kaunti hii ina mtambo mkubwa wa umeme wa jua tangu Desemba 2019, megawati zaidi ya 50, nje kidogo tu ya mji, na mimi nimechapa mayai kwa mwanga wa tochi. Hiyo ni vita ya siku nyingine.)

Watu wa upande huu waliokea bila soketi tangu zamani. Waswahili wana mkate wa mofa, Wasomali wa Banadir wana muufo, neno moja na tanuri moja la udongo. Mkate wa kumimina wa pwani unapaliwa makaa juu ya kifuniko, na doolsho ya mama zetu ilivyookwa ni hivyo hivyo, moto chini na moto juu. Siri yake ni kwamba makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini, kama mara mbili. Chini ya sufuria kunagusa moto moja kwa moja, kwa hivyo huungua mapema, na juu hakuna kitu cha kukaanga keki isipokuwa kile kifuniko. Wanaounguza chini na kubaki na uji juu wamepanga makaa kinyume. Chukua sufuria kubwa nzito, tandaza mchanga mkavu safi kama unene wa vidole viwili, ipashe dakika 10 ikiwa imefunikwa, ndipo uweke sufuria ndogo yenye keki ndani yake. Dakika 20 za mwanzo usifunue hata kama mama mkwe anataka kuona. Ukianza kusikia harufu ya keki chomeka kijiti, kikitoka kikavu toa. Kwenye gesi ni hivyo hivyo, moto mdogo na mchanga, ila juu haitapata rangi nzuri. Haidhuru, igeuze ilie upande wa pili. Na jiko la makaa liwe nje au milango iwe wazi, hewa ya makaa inaua watu waliolala.

Halafu doolsho yenyewe. Sijui kwa nini mtu mwenye doolsho anahangaika na keki ya siagi. Doolsho ni mayai na sukari vilivyochapwa mpaka vikavimba, unga, hiliki ya Soko Mugdi, mafuta ya maji kidogo. Hewa yake inakaa ndani ya mayai, haihitaji siagi. Na mayai hupenda joto! Waokaji wa Ufaransa wanaotengeneza keki ya aina hii huweka bakuli la mayai na sukari juu ya maji moto ili yavimbe vizuri. Sisi mayai yetu yako tayari tangu dukani. Hapo joto letu ni rafiki kabisa, tunapewa bure kazi ambayo wao wanaiwashia moto. Chapa kwa uma mbili zilizoshikwa pamoja, mpaka ukiinua uma mchirizi ubaki juu kwa sekunde kadhaa kabla ya kuzama. Mkono utauma. Itane na ndugu zako.

Hata ile siagi ya keki, mara nyingi inakuja na lori. Novemba 2023 Tana ilipofurika na barabara ya upande wa Madogo kukatika, ndipo tulijua ni resipi ngapi za simu zetu zinategemea barabara moja.

Sasa nitoke kwenye keki, maana keki ikiharibika unapoteza pesa, lakini hili la wali unaweza kupoteza mtu.

Ramadhani ikifika kila mtu wa kontenti anakuwa mwalimu wa vidokezo. "Okoa muda, pika wali mwingi wakati wa futari, ubakize wa daku." Nimeona mafunzo hayo mwaka huu kutoka kwa watu watatu tofauti, wote wana friji nyuma yao kwenye video. Anayetazama hana. Kutoka futari mpaka daku ni saa 9 na zaidi, na usiku wetu wa Machi hauna baridi ya kuhifadhi hata maji. Wizara ya Kilimo ya Marekani inawaambia watu wake chakula kilichopikwa kisikae nje ya friji zaidi ya saa 2, na hewa ikipita digrii 32 isizidi saa 1. Saa moja. Kwenye mchele kuna bakteria anayeitwa Bacillus cereus. Mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukikaa vuguvugu zinaamka, zinazaana, zinatoa sumu. Na hapa nisikilizeni vizuri: kupasha moto hakuiondoi hiyo sumu. Wali unaweza kuwa unatoa mvuke, harufu ni ya pilau safi, na mtoto akatapika mpaka asubuhi. Tunasema ni hasidi, ni jicho, ni joto. Ni wali.

Bila friji, pika wa kuliwa. Ukibaki futarini, utoe kwa jirani ungali moto, thawabu juu. Hotipoti husaidia ukiisuuza kwanza kwa maji yanayochemka na kuweka wali moto sana, lakini ni kwa saa chache, si mpaka daku. Daku pika kitu chepesi, canjeero inakusubiri imeshaumuka.

Nyama ndiyo ina jibu la zamani, na ni jibu zuri kuliko la friji. Nyirinyiri. Nyama ya ngamia inakatwa vipande vidogo, inakaushwa, inakaangwa polepole kwenye mafuta mpaka maji yote yaishe na kelele ya kuchemka ikatike, kisha inazamishwa kwenye subag na kufunikwa. Bakteria wanahitaji maji, ukayaondoa. Wengi wanahitaji hewa, ukaifungia nje kwa samli. Kijiko kinachoingia humo lazima kiwe kikavu, ndiyo maana ayeeyo anakupiga kofi ukichota kwa mkono wenye maji. Wafaransa wana bata wanayempika na kumhifadhi ndani ya mafuta yake, na mikahawa inamuuza ghali kama ufundi mkubwa. Ni akili ile ile. Tofauti ni kwamba wao waliandika, sisi tuliita chakula cha safari tukaendelea.

Kuna wanaoniambia, "Lakini wamama wetu hawakupima, ni mkono tu." Si kweli, na maneno hayo yanawadharau. Hooyo ana bilauri moja aliyotumia tangu sijazaliwa. Ana sufuria ile ile, na anajua maji yakifika msumari wa mshikio ni ya kilo moja ya mchele. Hicho ni kipimo. Ila kinakaa kwake, na akihamia kwa dada kule Nairobi anaunguza wali mara tatu kabla ya kuzoea. Kazi yetu sisi wenye simu ilikuwa kukaa naye, kumwaga ile bilauri kwenye chupa yenye alama za mililita, tuandike. Haichukui dakika tano.

Na sisemi kila kitu cha zamani ni sawa. Maziwa mabichi ya ngamia, hapana. Najua utamu wake, najua ile harufu ya chombo kilichofukizwa kwa moshi, najua mzee atakuambia amekunywa miaka 70. Moshi unapunguza vijidudu kwenye chombo, hautoi ugonjwa ulio ndani ya maziwa. Homa ya brusela iko hapa Kaskazini Mashariki, inaumiza viungo na homa inarudi rudi kwa miezi, na kuichemsha tu maziwa inaisha habari yake. Chemsha kwanza, poesha, kisha ufukize chombo upate harufu yako. Suusac nayo inatengenezwa vizuri na maziwa yaliyochemshwa ukiyatia kijiko cha suusac iliyogandishwa vizuri jana.

Wenzangu, sina haja ya kutaja majina, mnajijua. Kabla hujaweka video, ipike hapa, mchana, feni ikiwa imezimwa, kwenye jiko ambalo mtazamaji wako analo. Andika ilikuwa saa ngapi na joto lilikuwa digrii ngapi, simu yako inakuambia bure. Ikikataa, usiiweke, au weka ikiwa imekataa na useme kwa nini. Mtapoteza video mbili kwa wiki. Mama wa Idi alipoteza mayai 6.

Mimi Alhamisi naweka doolsho ya sufuria na makaa, saa saba mchana, uma mbili, bilauri ya hooyo ikiwa imepimwa: inabeba mililita 280. Yule mama nimemwomba aje ashike sufuria. Amesema atafikiria, mayai nilete mimi.